Gauni la Daraja

Fundi Kesho hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa matumaini, na matumaini yake yote aliyaweka kwenye siku inayofuata. Ukimpelekea kitambaa atakupa kiti, atakuuliza habari za nyumbani, atasikiliza kisa cha harusi ya dada yako mwanzo mpaka mwisho, halafu atakwambia bila kupepesa macho, "Njoo kesho jioni." Ukirudi kesho jioni, umeme ulikatika. Ukirudi keshokutwa, mkanda wa cherehani umechanika. Ukirudi wiki ijayo amefiwa na mjomba, na mjomba huyo, kwa hesabu za wateja wa siku nyingi, alishakufa mara nne na kila mara akazikwa mbali. Jina la fundi la kuzaliwa lilishasahaulika. Hata mama mkwe wake, mwanamke wa heshima zake, alimwita Kesho.

Ubaya ni kwamba alijua kushona. Angekuwa fundi mbovu watu wangemhama, mambo yakaisha. Lakini nguo yake ikishakamilika, hata kama harusi yenyewe imepita na bibi harusi sasa ananyonyesha, ukiivaa unajiona mtu mwingine. Mwenye bega moja chini alitoka na mabega sawa. Mwenye kitambi alitoka na heshima. Basi watu walimsema, wakaapa hawarudi tena, na msimu uliofuata wakarudi na kitambaa kingine kwapani.

Alikuwa pia na mbinu moja ambayo mafundi wanaijua ila hawaitaji mbele ya wateja. Kitambaa kikifika, usikilaze kikiwa kizima. Kikate. Hata kama utashona mwezi ujao, wewe kata leo, maana kitambaa kizima mteja anaweza kukinyakua akampelekea mwenzako, lakini vipande vipande atavipeleka wapi? Kwa hiyo Fundi Kesho alichelewa kwa kila kitu isipokuwa kukata.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za daraja kuu, upande wa soko. Na daraja lenyewe halikuwa la mchezo. Lilikuwa la chuma, limeinuka katikati kama mgongo wa paka anayejinyoosha, na picha yake ilikuwa kila mahali: kwenye kalenda, kwenye makopo ya biskuti, kwenye majalada ya madaftari ya shule. Mji mzima ulivuka juu yake kwenda kazini na kurudi. Maana yake mji mzima ulipita juu ya kichwa cha Fundi Kesho, na nusu ya mji huo nguo zao ziko kwenye gunia lake. Alijifunza kuwatambua wateja kwa vishindo vyao wakishuka ngazi, na zaidi ya mara moja alitokea dirisha la nyuma.

Sasa tazama utani wa Mungu. Mtu huyu alijaliwa binti mmoja tu, na binti akakua, akasoma, akaajiriwa stesheni kutangaza saa za treni kwenye kipaza sauti. Sauti yake ilifika mpaka sokoni: treni ya saa mbili na dakika kumi inaingia. Na kweli, inaingia. Fundi akiisikia alivimba kichwa, kisha akalitupia jicho lile gunia, kisha akatazama pembeni.

Binti huyo alikuwa anaolewa. Siku moja alikuja kula kwa wazazi wake, akangoja sahani zitolewe, ndipo akasema.

"Baba, usikasirike. Kitambaa cha gauni langu nimeshanunua."

"Kilete," fundi akasema, na mkono ukauendea mkasi ambao hata haukuwepo mezani.

"Nakipeleka kwa Fundi Dakika."

Fundi Dakika alikuwa na duka ng'ambo ya daraja, duka la kioo lenye saa kubwa ukutani. Alimaliza kwa wakati, hilo halina ubishi. Ila mishono yake ilitangatanga, na nguo zake zilimkaa mtu kama za kuazima.

"Dakika?" fundi akauliza. "Yule aliyemshonea bwana wa posta suruali ya mguu mmoja mrefu?"

"Lakini aliipata siku aliyoambiwa. Baba, harusi haisubiri. Sitaki kusimama mbele ya watu nina mkono mmoja wa gauni, na mwingine uko guniani kwako."

Mama mtu, badala ya kumtetea mumewe, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwache mtoto. Mimi siku yangu nilisimama na pini mgongoni. Ndiyo maana kwenye picha nimekaa wima vile."

Fundi Kesho hakucheka. Ilimuuma, tena pabaya. Mabibi harusi wa mji mzima amewashonea yeye, na wa kwake mwenyewe anavuka daraja kwenda kwa Dakika. Na kila neno la mtoto lilikuwa kweli. Chai ikapoa mbele yake.

Wiki hiyo hiyo akaja msanii. Alikuwa dada mmoja mwembamba, suruali ina madoa ya rangi, penseli kaichomeka kwenye nywele. Daraja lilikuwa linatimiza miaka sabini na kamati ya sherehe ilitaka kujenga nguzo ya saruji yenye majina ya wanakamati. Yeye aliwabembeleza mpaka wakaachana na nguzo.

"Nataka kulivalisha," akamwambia fundi.

"Kumvalisha nani?"

"Daraja. Gauni la marinda, kwenye kingo zote mbili, toka mwanzo mpaka mwisho, upepo wa mto ukipita licheze. Na nataka lishonwe hapa hapa chini yake. Hii ni kazi ya mahali, mzee wangu. Ni ya daraja hili peke yake. Ukiichukua ukalivika daraja jingine, haitakaa."

Fundi akatabasamu, mara ya kwanza tangu ile chai ipoe. "Mwanangu, hiyo sisi tunaiita nguo ya kupima."

"Lakini sherehe ina tarehe. Habari zako nimepewa. Ukinipiga kalenda, kitambaa nakihamishia kwa yule fundi wa ng'ambo."

Hapo wazo likamwingia. Alifunga kibanda, akaenda stesheni, akamngoja binti yake atoke zamu.

"Tukubaliane," akamwambia. "Kitambaa chako kikae kwako kwanza. Siku ya sherehe kitie kwenye mkoba, uanze kuvuka kutoka upande wangu. Ukikuta daraja limevaa lote, mwanzo mpaka mwisho, gauni lako nashona mimi. Ukikuta pengo, nyoosha mpaka kwa Dakika, na mimi sifungui mdomo."

Binti alimtazama kama anavyotazama treni isiyo kwenye ratiba. "Pengo lolote?"

"Hata la kupitisha kidole."

"Haya, Baba. Nitavuka saa nne kamili."

Kitambaa kikaletwa, mabunda kwa mabunda, rangi ya chungwa, kikajaza kibanda mpaka mwenye kibanda akakalia nje. Ikabidi daraja lipimwe. Fundi mwingine angepanda juu na futi yake ya kupimia, akapita nayo kwenye ukingo, basi. Lakini juu kulikuwa na wateja. Kulikuwa na mama wa saluni, mwanamke mwenye mwili na sauti, ambaye gauni lake la kijani lilikuwa guniani tangu mvua zilizopita, na alishatangaza hadharani kwamba akimtia mkononi fundi atamnyoa. Kumbe chini ya daraja kulikuwa na ujia mwembamba wa vyuma, wanakopita watu wa kukaza nati. Fundi akapita huko huko, nguzo kwa nguzo, futi mkononi, hakuna aliyemwona, akatokea ng'ambo anapiga mluzi. Na kabla jua halijazama alikuwa amekata kitambaa chote, msanii asije akabadili mawazo.

Baada ya hapo akashona. Tusimwonee, alishona kweli kweli. Alikanyaga ile cherehani mpaka magoti yakaimba. Mkewe alikuja kupiga pasi marinda, na siku za mwanzo alikuwa anamgusa paji la uso mumewe kuona kama ana homa. Wateja waliposhuka ngazi, fundi hakukimbilia dirisha tena, maana sasa alikuwa na sababu tamu kuliko zote alizowahi kuwa nazo. "Niko kwenye kazi ya umma," alisema, na mjomba akapata kupumzika. Siku moja kabla ya sherehe alikata uzi wa mwisho kwa meno, akakunja, akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda nyumbani akatangaza kwamba amemaliza. Mkewe alimwomba arudie kauli hiyo. Akairudia.

Asubuhi ya sherehe wakaanza kufunga gauni, fundi, msanii na vijana wenye ngazi za kupandia, kuanzia upande wa soko. Lo, lilikuwa zuri. Upepo ulipanda kutoka mtoni ukayachukua marinda, na lile dubwana la chuma ambalo watu walilizoea mpaka hawalioni tena, likawa kama shangazi mmoja mnene aliyeamua kucheza. Msanii alikuwa anacheka peke yake. Fundi alikuwa ananyoosha pindo hapa, anafyeka uzi pale, kifua mbele. Wakapanda, wakafika juu katikati, wakaanza kushuka upande wa pili. Na hapo gauni likaisha, daraja likaendelea.

Fundi aligeuka nyuma. Akauona mgongo wa daraja, ulivyoinuka na ulivyoshuka. Akachungulia chini, akauona ule ujia wa nati, umenyooka kama rula, mfupi kuliko mgongo. Yeye, bingwa wa kushonea vitambi, amempima mteja mwenye kitambi kwa kupitisha futi mgongoni. Angelifanya Dakika kosa hilo, angemcheka mwaka mzima.

Pengo lilikuwa la kuegesha mabasi mawili, kila upande, na liliishia hatua chache tu kutoka mlango wa Dakika, ambaye alikuwa amesimama nje ya kioo chake na kikombe, anatazama. Kitambaa cha kuongeza hakikuwepo hata cha leso, kwa sababu chote kilikatwa siku ile ile. Marinda yalishashonwa na kupigwa pasi. Kuyafungua yarefuke ni kazi ya wiki.

Msanii akakaa chini pale pale barabarani. "Mzee wangu, umenimaliza. Mgeni rasmi yuko njiani."

Fundi alirudi upande wa soko, akashuka ngazi mbio, na watu waliomjua walisimama kushangaa, maana hawajawahi kumwona anakimbia kwenda kwenye kazi. Akarudi na gunia mgongoni. Akalifungua, akaanza kutundika. Akatundika gauni la kijani lisilo na mkono wa kushoto. Akatundika suti isiyo na kola, sare za kwaya zilizoshikizwa kwa pini, sketi isiyo na zipu, suruali ya mtoto ambaye sasa alikuwa na ndevu. Nguo zikapangana kwenye kingo pande zote mbili, rangi kila aina, nyuzi zinaning'inia, chaki bado inaonekana. Alipotundika ya mwisho pengo lilikuwa limekwisha, na gunia tupu.

"Hizi za nani?" msanii akauliza.

"Za watu wanaovuka hapa," fundi akasema, macho makavu. "Kazi ya mahali si ndiyo hiyo? Daraja na watu wake."

Msanii alizitazama sana. Akainuka, akajipangusa, akasogea nyuma, akachomoa penseli nyweleni. "Watu wake," akasema polepole, kama anayeonja. "Na hazijakamilika, kwa sababu wao bado wanavuka. Mzee wangu, mbona hukuniambia mapema?"

Fundi akakohoa.

Saa nne kamili utepe ukakatwa, bendi ikalia, watu wakaanza kupanda daraja. Fundi alikuwa kasimama kule mwisho, anatafuta uso mmoja tu. Akamwona. Binti yake alikuwa anakuja bila haraka, mkoba begani, mkono wake unapita juu ya marinda, na kadiri alivyokaribia alizidi kutabasamu. Moyo wa fundi ukapanda na ukashuka pamoja naye. Hatua chache tu, mwanangu, nyoosha shingo, usitazame kando.

Lakini mama wa saluni alikuwa mbele yake.

Alisimama mbele ya gauni la kijani. Akaligusa, akaligeuza, akatazama ndani ya kiuno. "Hili ni langu," akasema, bila kupaza sauti, na watu wakageuka wote kwa sababu hawajawahi kumsikia anasema kitu chochote bila kupaza sauti. Akalichomoa. Bwana wa posta nyuma yake akaona koti lake. Mwanakwaya akaona sare yake, akawaita wenzake, na hapo ikawa patashika. Kila mtu akawa anapekua kingo za daraja kama anapekua kabati lake mwenyewe. Mgeni rasmi alimuuliza msanii kinachoendelea. Msanii alisema ni sehemu ya kazi. Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa kama ameelewa, kisha akasimama mbele ya koti moja la kijivu, akaliinua mkono wa kulia, akainama kuutazama vizuri.

"Hili nilimpa kabla sijawa mgeni rasmi wa kitu chochote," akasema.

Dakika ng'ambo pale alicheka mpaka chai ikamwagika.

Mama wa saluni alimshika fundi kola, kistaarabu tu, kwa vidole viwili. "Fundi, leo dirisha la nyuma liko wapi?" Akawatuma wabeba mizigo wawili kule chini. Wakarudi na cherehani, meza na kiti, wakavitua pale pale mwisho wa daraja. Na foleni ikajipanga, kila mtu na nguo yake mkononi, mgeni rasmi wa tatu.

Fundi alikuwa hawatazami. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyesimama kwenye ule ukingo ambao sasa ulikuwa chuma kitupu, nguo zimeshanyofolewa. Maneno alikuwa nayo. Maneno ya watu wanaovuka na kazi isiyokamilika yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, moto moto, na yalishamlainisha msanii mzima. Akafungua mdomo. Macho ya binti yalikuwa hayana hasira, na hiyo ndiyo iliyomshinda.

"Pengo," fundi akasema.

Binti akaitikia kwa kichwa. Akauweka mkoba vizuri begani, akapita kando ya cherehani, akashuka mpaka ng'ambo, akaingia kwenye lile duka la kioo. Fundi alimfuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa. Alikuwa ameahidi hatafungua mdomo, na baada ya neno lile hakuufungua tena. Akakaa kwenye kiti. Akavuta gauni la kijani.

Alishona. Bendi ikaja ikaenda. Mama wa saluni alivaa mkono wake wa kushoto pale pale, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu, akajigeuza, na lile neno alilokuwa amemwandalia fundi tangu mvua zilizopita likampotea. Akaondoka anatembea kama anayepigwa picha. Bwana wa posta alipata kola. Kwaya ilipata mapindo. Mgeni rasmi alipata koti lililombana kidogo tumboni, fundi akalifumua na kulitanua, na mheshimiwa akasimama akasubiri kama watu wengine. Watalii walipiga picha wakidhani fundi amewekwa na kamati. Msanii alizunguka na daftari lake la michoro, anachora foleni. Hakuna aliyeambiwa arudi. Fundi hakunyanyua kichwa, kwa sababu kila akinyanyua kichwa alikuwa anaona kioo cha Dakika.

Jua lilipoegemea mtoni alikuwa amebaki mtu mmoja.

"Lete," fundi akasema, mkono mbele, macho kwenye sindano.

Kitambaa kikatua mezani. Kilikuwa cheupe, kizima, bado kina mkunjo wa dukani. Fundi akakitazama. Akatazama mkono uliokileta, akapandisha macho polepole mpaka usoni.

"Dakika alinipima kabla sijaweka mkoba chini," binti yake akasema. "Nikakaa dirishani kusubiri akate. Akapita mama wa saluni na gauni lake. Akapita yule wa posta. Wakaendelea kupita, Baba, mchana kutwa. Nikamwambia Dakika asikate kwanza, mwishowe asikate kabisa."

"Kulikuwa na pengo," fundi akasema.

"Nililiona. Na wewe ulisema." Akavuta pumzi. "Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nitakuja kila nikitoka zamu, nitakaa pembeni yako, na sitaki kusikia habari za mjomba."

Fundi akatoa futi shingoni. Akampima begani, toka mfupa hadi mfupa. Mabega haya aliwahi kuyabeba kwenye kiganja kimoja, akiwa bado hajui kama ataweza kulea mtu. Sasa futi ilikwenda na ilikuwa bado inakwenda. Watu wachache waliobaki darajani walisimama kutazama, na marinda ya chungwa yalikuwa yanapigapiga chuma nyuma yao.

"Mbona husemi namba?" binti akauliza.

"Imenitoka," fundi akasema, na alikuwa anasema kweli. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nyanyua mikono, mwanangu. Naanza upya."

Binti akanyanyua mikono.